Mguu Usio na Alama

Kazini waliniita Muhuri. Jina lenyewe sikulipenda, ila nililistahili, maana kwa miaka ishirini na saba hakuna paja la ng'ombe lililotoka machinjioni kwetu bila kugongwa muhuri wangu wa wino wa zambarau. Mimi ni mkaguzi wa nyama. Natazama, nabonyeza, nachana kidogo kwa kisu, nanusa, kisha nasema neno moja kati ya mawili: inafaa, au haifai. Ikifaa, nagonga muhuri. Isipofaa inakatwa, inamwagiwa rangi ya bluu ili mwenye tamaa asije akaiokota na kuiuza, na inatupwa shimoni. Wachinjaji wamenitukana, wenye mabucha wamenililia, na mmoja aliwahi kunifuata mpaka nyumbani na mbuzi mzima wa kunilainisha. Nilimrudisha yeye na mbuzi wake. Nina hasira za karibu, nakiri, lakini jicho langu halikuwahi kununuliwa.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani kwamba sikujua. Nilijua, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Mdogo wangu, tumbo moja, alikuwa mchunaji palepale machinjioni. Yeye walimwita Wembe, kwa sababu aliweza kumvua ng'ombe mzima ngozi bila kuitoboa hata mahali pamoja. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mdomo wake hauna breki. Nimemzidi miaka kumi na moja. Mimi ndiye niliyemlea baada ya wazazi kutangulia, mimi ndiye niliyemtafutia kazi, na mimi ndiye niliyemchosha kwa mawaidha mpaka akaoa. Kila nikimwambia jambo alikuwa anajibu, "Sawa, kaka, wewe ndiye mkubwa," kisha analifanya huku anacheka. Sikumbuki siku aliyonikatalia.

Jumatatu asubuhi, dume mmoja mwekundu aligoma kwenye kichochoro cha mabomba ya chuma ambacho ng'ombe hupitia kuingia ndani. Kumsukuma haikuwa kazi ya Wembe, ila alikuwa hawezi kuona wenzake wanahangaika akakaa. Dume akageuka ghafla, akaubana mguu wake kwenye bomba, akauegemea kwa uzito wake wote, kisha akaupiga teke palepale. Tulisikia ukelele mmoja tu. Nilipofika, Wembe alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameukumbatia mguu wa kushoto chini ya goti kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani wowote mdomoni.

Watu wote wakanigeukia. Msimamizi alikuwa safarini wiki hiyo, na cheti cha kumruhusu mtu aende hospitali nilikuwa nakisaini mimi. Nikaipandisha suruali yake. Mguu hauna mchubuko, hauna damu, ngozi safi kabisa. Nikamwambia akunje goti, akakunja. Nikamwambia azungushe kifundo cha mguu, akakizungusha huku amekunja uso. Mfupa ulikuwa mzima. Hilo nililiona vizuri, na sikukosea.

"Kaka, kuna kitu kinavuta huku ndani," akasema. "Ndani kabisa."

"Alama iko wapi?"

"Haina alama."

Hapa inabidi niseme jambo la aibu. Miezi miwili kabla ya siku hiyo Wembe alishikwa na homa, nikamsainia siku mbili za kupumzika. Kesho yake nikakuta maandishi ya mkaa kwenye ukuta wa choo cha wafanyakazi: NDUGU ZA MUHURI HAWAUMWI, WANAPUMZIKA. Nilisugua ukuta ule kwa mikono yangu mwenyewe, lakini maneno hayakunitoka kichwani. Na sasa wale wale waliokuwa wamecheka chooni walikuwa wamesimama pale, visu mkononi, wanaitazama kalamu yangu.

"Basi simama," nikamwambia, kwa sauti ya kusikika na wote. "Mtu mzima unalilia teke la ng'ombe. Ukikaa utakakamaa. Tembea, damu ichangamke."

Akasimama. Akasema sawa, kaka, wewe ndiye mkubwa, ila safari hii hakucheka.

Saa moja baadaye dume yule yule mwekundu alikuwa ananing'inia kwenye ndoano, na aliyemchuna ni Wembe, amesimama kwa mguu mmoja, ule mwingine ameugusisha sakafu kwa ncha ya kidole tu. Ngozi ikatoka safi kama kawaida yake. Na chini ya ngozi ile safi, kwenye nyonga, nyama ilikuwa nyeusi. Damu ilikuwa imevilia kwa upana wa sahani na imezama mpaka karibu na mfupa. Njiani kuja kwetu kuna mtu alikuwa amempiga kwa gogo.

Siku hiyo nilikuwa na wanafunzi wawili wa chuo cha mifugo, na mimi nikipewa wanafunzi huwa sinyamazi. Nikawaonyesha kwa ncha ya kisu.

"Mnaona? Kipigo cha kitu butu hakiandiki kwenye ngozi. Ngozi inanyumbuka, inarudi mahali pake. Damu inavujia ndani ya msuli, na huwezi kuiona mpaka ngozi itoke. Kwa hiyo ngozi msiiamini hata siku moja."

Nikakata kilo nne, nikasema haifai, zikamwagiwa rangi. Wembe alikuwa hatua tatu kutoka nilipo, ananoa kisu, na somo lote alilisikia. Aliniangalia. Nikageukia mzoga uliofuata.

Nimejiuliza swali moja mpaka limenichosha: ilikuwaje mdomo uliotoa somo lile ndio uliomwambia mdogo wangu asimame? Jibu nimelipata na halinifurahishi. Kwa ng'ombe nilitumia macho. Kwa ndugu yangu nilitumia masikio, nasikiliza watu watasema nini.

Jioni nilikwenda kwake, maana roho ilikuwa inaniuma japo sikutaka kuonyesha. Anakaa vyumba viwili, kile cha mbele kina cherehani ya mke wake, mshonaji wa sare za shule, na mablauzi meupe yalikuwa yametundikwa ukuta mzima. Wembe alikuwa amelala kwenye mkeka katikati yao. Shavu la mguu lilikuwa limevimba, linang'aa. Nikaomba maji ya moto na taulo. Nikakunja mikono ya shati. Kwetu machinjioni kila mtu anajua kwamba damu ikivilia lazima ivunjwe: mtu akigongwa anakandwa kwa moto na kuchuliwa kwa nguvu mpaka alainike. Tumechuana hivyo miaka yote, na mimi ndiye fundi wao, kwa sababu vidole vyangu vina nguvu.

"Shemeji, unamuumiza," mke wake akasema. Alikuwa ameacha kushona. "Mtoto alipoanguka, kule zahanati walisema maji ya baridi, ainue mguu, na mtu asimguse kabisa."

"Yule alikuwa mtoto. Huu ni msuli wa mtu mzima."

"Msuli si msuli tu?"

"Wewe shona, mama. Mimi nyama naijua."

Wembe alikuwa ameuma taulo. Nilimchua nusu saa nzima, nikampa vidonge viwili vya aspirini kutoka mfukoni mwangu, na vingine vya asubuhi. Jumanne alikuja kazini, akafanya kazi hadi saa nne, akakaa juu ya ndoo yake. Hakuomba cheti. Jioni nikaenda tena na taulo langu na dawa ya kuchua. Mguu ulikuwa mgumu kama ubao, na nilipouminya alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake hata alipokuwa mtoto. Nikashituka kidogo. Nikashika juu ya unyayo, nikasikia mshipa unapiga vizuri, nikajituliza. Nikamwambia shemeji, "Damu inapita. Kesho atacheza mpira." Shemeji aliinama kwenye cherehani akashona kwa kasi mpaka nikaondoka.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi akanipigia simu.

"Njoo umchukue mdogo wako," akasema. "Vidole havisikii."

Hospitali tulipokewa na daktari wa kike, mdogo wa umbo, koti limemzidi mikono. Nilidhani ni mwanafunzi na karibu nimwambie atuitie mkubwa wake. Ashukuriwe Mungu nilinyamaza. Alichomoa futi ya kupimia kama ile ya shemeji, akapima mguu wa kulia, akapima wa kushoto, akaandika. Tofauti ilikuwa sentimita tano. Akachukua kipande cha pamba, akapitisha kati ya kidole gumba na kile kinachofuata.

"Unasikia?"

"Nini?" Wembe akauliza.

Akamwambia anyanyue unyayo kuelekea usoni. Haukunyanyuka. Kisha yeye mwenyewe akakivuta kidole gumba juu, taratibu kabisa, na mdogo wangu akapiga kelele wagonjwa wote wakageuka. Daktari hakugeuka. Alikuwa tayari anamwita muuguzi, anaagiza chumba cha upasuaji kiandaliwe na mashine ya ultrasaundi iletwe palepale kitandani ili wasipoteze muda wa kumsogeza. Kwenye kioo cha mashine akatuonyesha: katikati ya msuli, ziwa jeusi.

"Hiyo ni damu," akasema. "Iko ndani sana, ndiyo maana juu hakuna kitu. Ni nani aliyekuwa anamkanda?"

Shemeji akatazama sakafu. Alininyamazia, Mungu ambariki, ingawa sikustahili.

"Mimi," nikasema. "Kwa maji ya moto. Na nilimpa aspirini."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alinieleza tu, kwa haraka, huku mikono yake inafanya kazi. Mtu akipigwa hivyo, siku za mwanzo anatakiwa kupumzika, mguu uinuliwe, uwekewe baridi, usikandwe wala kuchuliwa, kwa sababu kila ukichua unaufungua mshipa uliokuwa umeanza kujiziba. Moto unaongeza damu. Aspirini inaizuia isigande. Na misuli ya mguu, akasema, imefungwa ndani ya mifuko migumu isiyotanuka. Damu ikijaa humo inaubana msuli mpaka unakosa chakula na hewa.

"Lakini mshipa wa unyayo ulikuwa unapiga," nikasema. "Niliushika."

"Hata sasa unapiga. Mshipa mkubwa unaweza kuendelea kupiga huku msuli unakufa."

Mifuko ile naijua. Ni utando mweupe, mgumu, kisu changu hupita juu yake mara mia kwa siku.

Walimpasua asubuhi ile ile. Mpasuaji, mzee mrefu asiyependa maneno, alikuja baadaye akatuambia ameuchana utando pande mbili, ametoa damu iliyoganda ya kujaza vikombe viwili, na majeraha ameyaacha wazi ili mguu upumue. Sehemu ya msuli ilikuwa imekwisha kufa, akaikata. Nyingine alikuwa anaipa muda. "Angefika Jumatatu," akasema, na sentensi hakuimalizia. Ijumaa walimrudisha tena chumba cha upasuaji wakakata nyingine. Mkojo wake ulikuwa rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na walimfungulia maji ya mishipani mchana kutwa kuziokoa figo na sumu ya msuli uliokufa. Jumamosi homa ikapanda, na chumba kikaanza kunuka. Wageni wengine hawakuitambua harufu ile. Mimi niliitambua nikiwa bado mlangoni.

Jumapili mchana mpasuaji akasema mguu utolewe chini kidogo ya goti, na utolewe siku hiyo hiyo, la sivyo sumu itamuua.

Wembe alikataa.

Mtu ambaye maisha yake yote alisema sawa, aligoma kama dume yule. "Mimi mchunaji," akamwambia daktari. "Nachuna kwa kusimama. Mkinikata mguu nitachuna nini, viazi?" Mke wake alilia, akamwomba kwa ajili ya mtoto. Akageuza uso ukutani. Daktari mdogo alimweleza mara mbili, kwa upole. Wembe akasema madaktari wana haraka ya kukata kwa sababu mguu si wao. Fomu ya ridhaa ilikuwa juu ya kimeza pembeni ya kitanda, kalamu juu yake, na hakuna aliyeigusa kwa saa nzima. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, nimejikausha, nikijua sina tena haki ya kufungua mdomo katika chumba kile.

"Kaka," akaita.

Nikasogea. Macho yake yalikuwa yamezama, midomo imepasuka kwa homa, lakini akili zake zilikuwa timamu.

"Wanakuja kubadilisha bandeji. Nataka uangalie wewe. Ukisema inafaa, sikatwi na mtu. Ukisema haifai, nasaini."

"Wembe, mimi si daktari. Mimi ndiye niliye..."

"Najua wewe ni nani," akasema. "Lakini kwenye nyama hujawahi kumdanganya mtu. Hata mimi nilipokuomba unipitishie lile ini lenye minyoo, ulilitupa."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alilisikia la mkuu. Alilisikia Jumatatu, akalisikia jioni huku ameuma taulo, na sasa, baada ya yote, bado alikuwa analiomba.

Daktari mdogo akanipa glavu. Muuguzi akafungua bandeji, tabaka baada ya tabaka, na za mwisho zilikuwa zimelowa. Shemeji akatoka nje. Mimi nilitamani kutoka naye. Nilitamani kukaa pembeni ya kile kitanda nikalia kama mtoto, nimwambie nisamehe, nimwambie mguu utapona, nimwambie chochote. Badala yake nikavaa glavu, nikainama, nikautazama mguu wa mdogo wangu kama ninavyotazama kazini. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nilikuwa nautazama kwa macho.

Rangi haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya kijivu, na mahali pengine kahawia ya majani makavu. Niliibonyeza kwa kidole, haikurudi. Daktari akaigusa kwa koleo lake dogo, na msuli ambao ni hai hushituka hata mwenyewe akiwa usingizini. Huu haukushituka. Akakata kipande kidogo pembeni, nikangoja damu itoke. Nikahesabu mpaka kumi. Haikutoka. Wembe hakuhisi chochote. Alikuwa hautazami mguu, ananitazama mimi usoni.

Neno lile nalisema mara nyingi kwa siku kuliko ninavyotaja jina la Mungu. Nalisema nikiwa napiga miayo. Siku ile nililikawiza mpaka daktari akadhani nataka kutapika, akanisogezea beseni.

"Haifai," nikasema.

Wembe akatikisa kichwa kukubali, polepole. Akanyoosha mkono, nikampa fomu na kalamu. Karatasi ilikuwa inateleza juu ya shuka, nikaishika ukingoni kwa glavu zangu chafu ili aweze kuandika. Aliandika majina yake yote matatu, kwa mwandiko niliomfundisha mwenyewe.

Kisha akanirudishia kalamu.

"Ungeniangalia hivi Jumatatu, kaka," akasema.

Hakusema kwa hasira. Muuguzi alikuja na kitanda cha magurudumu, tukamnyanyua pamoja, mimi nikashika upande wa miguu.